Mlango wa Friji Ulioachwa Wazi

Jumamosi, 2 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa lori la viazi, yule mwenye masikio makubwa, kwa sababu simu yako kila nikipiga naambiwa hupatikani. Nami naamini, maana huko juu kwenu hata jua hupatikana kwa nadra.

Mama hajambo. Leo ametimiza miezi minne tangu nimpandishe basi, nawe ukashika dirisha na kunitishia mbele ya abiria wote: "Siku mama akilala na baridi huko kwako, hata usiku mmoja, nakuja kumchukua, na hutanizuia." Njia nzima watu walinitazama kama mwizi wa wazee.

Basi nakuandikia rasmi: tulia. Mji huu haujui baridi. Hapa sweta ni la mtoto mchanga au mtu aliyerukwa na akili. Mimi mwenyewe nimekuwa kama samli, asubuhi mgumu, mchana nimeyeyuka, na huu ni mwaka wangu wa kwanza tu. Kazi ipo tele. Mwenye friji mbovu hapa ananiamkia kabla sijamwamkia.

Na mama nimemtunza kuliko unavyodhani. Chumbani kwake nimefunga kiyoyozi. Wewe mashine hii huijui, huko juu haina kazi, lakini hapa ndiyo dalili kwamba mzee ana watoto wanaomjali. Ni ile kubwa kabisa, ilitolewa kwenye ukumbi wa mikutano ikiwa maiti, nikaifufua kwa mikono yangu. Inapuliza hewa usiku na mchana. Madirisha na mlango nimevizungushia mipira ya milango ya friji, hewa isipotee hata tone. Rimoti inakaa mfukoni mwa shati langu ili mama asihangaike na vitufe. Siku niliyoiwasha nilisimama mlangoni nimekunja mikono, nikamuuliza, "Unaionaje, mama?" Akasema, "Ahsante, mwanangu. Inavuma vizuri."

Ana kikohozi kidogo, ni vumbi tu. Mchana kutwa anakaa kibarazani, juani kabisa, kama mjusi, anatazama barabara. Nadhani anakungoja wewe. Na lile sweta ulilomfumia, la kijani lenye maua mekundu kifuani, bado anaingia nalo kulala. Mapenzi ya mama kwa binti yake! Mimi ningempa sweta angedekia sakafu.

Kitinda mimba wenu,
Fundi


Jumamosi, 9 Juni

Kwako mdogo wangu mkaidi,

Marahaba. Barua imefika ikinuka viazi.

Sikiliza. Mama tulimtoa huku kwa ajili ya kifua. Nilikubali kwa shingo upande kwa kuwa ulisema joto litamkausha kikohozi ndani ya mwezi mmoja. Huu ni wa nne. Kikohozi "kidogo" maana yake nini? Kidogo kama chako cha kusafishia koo ukitaka kuomba kitu, au kidogo kama kile kilichomweka kitandani mwaka juzi?

Na sweta nililifuma mimi, uzi mara mbili, nalijua uzito wake. Hakuna mtu anayelala na sweta lile kwa mapenzi. Mama anasikia baridi. Au ana homa. Mpeleke akapimwe.

Hayo ya mashine siyajui. Mimi najua sindano na uzi. Shule tatu zimeagiza masweta muhula huu, vidole vyangu vimekuwa kama tangawizi. Nyumba ni ileile. Kila asubuhi natia chai vikombe viwili, ni mazoea tu, nakunywa vyote. Kitanda chake nimekiacha kama kilivyo.

Ahadi yangu iko palepale. Usiku mmoja tu.

Dada yako


Jumatano, 20 Juni

Dada,

Shikamoo. Nina haraka, dereva anapiga honi.

Hali ya hewa ni nzuri. Kuna kaupepo.

Mama hajambo, tena hajambo sana.

Swali dogo: zamani, asubuhi za huko, kabla vidole vya miguu havijarudisha fahamu, mama alikuwa akituwekea nini kwenye soksi? Lilikuwa gazeti au majani makavu? Gazeti likiwa la zamani linafaa? Namuulizia jirani.

Nduguyo,
Fundi


Jumapili, 24 Juni

Wewe,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata kona. Dereva wako wa viazi amewasili hapa juzi amejifunga gunia kiunoni na jingine mabegani. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Mama, huko chini maji yameganda kwenye makarai. Watu wanavaa mapazia." Jioni redio nayo ikatangaza: baridi ambayo wazee wa huko hawajaiona tangu wazaliwe.

Kaupepo!

Jirani gani huyo anayeuliza habari za soksi zetu za utotoni? Una miaka hamsini na mmoja, na bado unadanganya kama ulivyodanganya siku ulipovunja chungu ukasema ni paka. Hatukuwa na paka.

Jumamosi tarehe 7 Julai napanda lori. Mwambie mama afunge mizigo yake. Nimeshaanika godoro.

Ni gazeti. La zamani linafaa.

Dada yako mkubwa


Ijumaa, 29 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nimepigwa na butwaa tangu juma lililopita na sijui pa kuanzia, kwa hiyo nitaanza na kinyozi.

Kinyozi ni jirani yangu, kibanda chake kinatazamana na cha kwangu. Jumatatu ile jioni upepo uligeuka ghafla. Sisi wa juu tunaujua ule ubichi wa hewa puani. Wenzangu hawakuujua, wakafurahi. Kinyozi akasimama katikati ya barabara na mikono ameitanua, akasema, "Fundi, umeacha mlango wa friji wazi? Usiufunge kwanza!" Tukacheka. Kufika magharibi hakuna aliyecheka. Kila nyumba ikachemsha maji, ikawasha pasi, wengine walipiga pasi hata magodoro, na saa mbili hivi transfoma ikalipuka. Mtaa mzima giza. Umeme haukurudi kwa siku tisa.

Asubuhi karai la nje lilikuwa na utando wa barafu. Nimefanya kazi ya barafu miaka ishirini na sita na sikuwahi kuiogopa mpaka siku ile. Watu walitoka wamejifunika mapazia, mazulia, mmoja amevaa kapeti la gari. Soksi zilivaliwa mikononi. Muuza mitumba aliuza kila kitu hadi turubai lake. Halafu wote wakaanza kunitazama mimi. "Fundi, wewe umetoka kwenye baridi, tufanyeje?" Dada, ningesema nini? Kule kwetu tulizaliwa na kuta nene na wewe. Mimi baridi naijua ikiwa ndani ya sanduku, ina waya na plagi. Ikiwa nje, mimi ni mteja kama wao. Mganga hajigangi. Nilijifunga foronya kichwani nikarudi ndani nikimwogopa mama, na zaidi yake nakuogopa wewe.

Sasa sikia hili, kisha unieleze maana mimi sielewi.

Mama alitoka chumbani kwake amevaa gauni jepesi. Sweta hana! Ameliweka begani kama taulo. Anajinyoosha. Akaniambia, "Leo nimelala, mwanangu. Joto limeanza kuja."

Nikamgusa paji la uso. Hana homa. Nikamwambia, "Mama, nje maji yameganda." Akasema, "Nimeona. Lakini chumbani leo kuzuri." Nikakaa chini.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kinyozi alikuja akitetemeka hadi meno yanapiga ngoma, mama akamvisha lile sweta lako. Amelivaa juma zima, maua mekundu kifuani, anajibu salamu za "shikamoo bibi" kutoka kwa kila mpita njia. Na mama huyu, ambaye kwa miezi minne hakupita kibaraza, akachukua mkongojo akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wanaingiza majiko ya mkaa vyumbani na kufunga madirisha. Anagonga, anaingia bila kukaribishwa, anafungua dirisha. "Jiko halilali chumba kimoja na mtu! Mnataka kuamkia wapi nyinyi?" Kwa fundi cherehani alikuta watoto wawili wameanza kulegea vichwa, akawatoa nje, wakatapika, wakapona. Tangu hapo mtaani anaitwa Daktari, na daktari mwenyewe wa zahanati anaamkiwa kwa jina lake la kawaida.

Kikohozi? Hakuna. Siku tisa, hata kimoja.

Jumanne joto likarudi, watu wakavua mapazia. Jumatano umeme ukarudi. Nikasikia ile mashine ya mama inavuma tena, nikamshukuru Mungu, nikasema sasa mzee wangu amerudi kwenye raha yake. Usiku uleule akaanza kukohoa. Jana amekohoa mpaka nikamkimbiza zahanati. Daktari akaniuliza mara mbili, "Kwenye baridi alipona, kwenye joto amezidiwa?" Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini. "Kikohozi cha namna hiyo sikukisoma."

Dada, nimeshindwa. Nilimleta kwenye joto limponye, kumbe joto ndilo linalommaliza. Au akili yake imeanza kuchanganya nyuzi, haijui tena moto na baridi. Vyovyote iwavyo, ulikuwa sahihi, nami nilikuwa mjinga mwenye rimoti. Njoo tarehe 7 umchukue. Sitakuzuia. Ila usimpandishe kwenye lori mbele yangu, nitakuwa kazini.

Mdogo wako,
Fundi


Ijumaa, 29 Juni

Binti yangu,

Hii naiandika kwa mkono wangu, herufi ni kubwa kwa sababu ya macho. Nimempa dereva aifiche ndani ya gunia, mdogo wako asiione.

Anafikiri nimerukwa na akili. Juzi ameniuliza leo ni siku gani, mara tatu, kwa upole kama mtoto anayeiba sukari. Sijarukwa. Wewe nitakuambia.

Mji huu ni wa joto, mwanangu. Joto zuri, linaingia mpaka kwenye mifupa. Baridi iko mahali pamoja tu: chumbani kwangu. Ile mashine aliyonifungia inapuliza baridi kama ya kwetu mwezi wa saba, usiku na mchana, nayo inanilenga mimi, kitanda kiko chini yake. Na kwa kuwa ameziba kila tundu, baridi ikishaingia haitoki. Nalala na sweta lako, mablanketi mawili na kitambaa kichwani. Asubuhi natoka kibarazani kujianika. Yeye anasema nakungoja wewe. Nakukumbuka, ndiyo, lakini pale nakuwa naota jua.

Utaniuliza kwa nini sijamwambia. Ungeona uso wake siku ile! Alisimama mlangoni kama alivyosimama na cheti chake cha kwanza. Analeta rafiki zake kuwaonyesha: "Mama yangu analala kwenye hewa ya mawaziri." Nimwambie zima? Kazi ya mikono ya mtoto haikataliwi. Wewe mwenyewe uliponifumia sweta la kwanza, mkono mmoja ulifika gotini, na nililivaa kanisani.

Umeme ulipokatika mashine ilinyamaza. Nje kulikuwa na barafu, lakini chumba kilivyozibwa hakikuingiza hata upepo. Nikalala siku tisa kama mtoto mchanga. Sasa umeme umerudi.

Nasikia unakuja kunichukua. Nitakuja, sina neno. Kifua kitanisumbua huko kama kilivyonisumbua, lakini angalau huko baridi ni ya Mungu, haina mtu wa kumwonea haya. Ila mdogo wako usimwambie. Atavunjika moyo.

Mama yako


Jumanne, 3 Julai

Mdogo wangu,

Tarehe 7 siji.

Nimekaa na barua zenu siku nzima mfukoni mwa aproni, yako na nyingine ambayo hupaswi kujua kwamba ipo. Nimezisoma jikoni, nimezisoma nikifuma, nimekosea mkono wa sweta la watu nikaufumua wote. Kitanda kilikuwa tayari kimetandikwa. Nilikuwa nimeshawaambia majirani. Ningenyamaza tu, basi, juma lijalo mama angekuwa hapa. Nataka ujue kwamba nilikifikiria hicho kikamilifu, mpaka chai ikapoa, vikombe vyote viwili.

Halafu nikakumbuka umeandika siku tisa hakukohoa hata mara moja. Huku kwetu mama hajawahi kupata siku tisa.

Zima mashine.

Usiulize, usibishe, usinieleze inavyofanya kazi. Mama ametoka kwenye baridi ya miaka sabini na nne, akaja kwenye joto, nawe mwanawe ukamfungia ndani ya friji na kuziba mlango kwa mpira. Umeme ulipokatika ndipo alipofika huko mjini kwa mara ya kwanza.

Usimwambie kwamba umejua. Usimwombe radhi, utamtia haya, atakuambia anaipenda na ataendelea kukohoa kwa adabu. Mwambie imeharibika. Najua kwako hilo ni kama kumwambia mchungaji aseme Biblia imepotea. Sema hivyohivyo.

Dada yako,
ambaye leo amekunywa kikombe kimoja


Jumapili, 15 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Barua yako niliisoma juu ya dari ya mteja, nikakaa hukohuko mpaka mteja akaniita kama nimeanguka. Nilikuwa sijaanguka kwa nje. Miezi mitano! Mtaa mzima unanilipa niwaondolee joto vyumbani, na mimi sikujua mashine yangu inafanya kazi gani chumbani kwa mama. Kila nikisimama mlangoni nimetoka juani nalowa jasho, naona raha, nafunga mlango. Sikuwahi kuketi humo dakika kumi. Anakohoa, naongeza dawa. Anavaa sweta, nasema mapenzi.

Jioni ile niliingia na boksi la vifaa, nikapanda kiti, nikafungua mfuniko, nikagongagonga ili isikike ninahangaika. Nikazima. Nikashuka nimeinamisha kichwa. "Mama, mashine imekufa."

"Haitengenezeki?"

"Spea zake hazitengenezwi tena."

Akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Ilikuwa mashine nzuri sana."

"Umeizoea, najua. Utavumilia?"

"Nitajitahidi," akasema. Dada, aliyasema bila kupepesa macho. Sijui katika ukoo huu nani alimfundisha nani uongo.

Nikatoa rimoti mfukoni nikaitupia juu ya kabati na takataka nyingine, nikabandua mipira ya madirisha, hewa ya jioni ikaingia. Huu ni usiku wa tisa tangu siku ile. Hajakohoa. Asubuhi anatoka na gauni jepesi, anapita kwa fundi cherehani kuwakagua watoto, ndipo anarudi kunywa chai. Kibarazani hakai tena.

Habari zimeenea. Kinyozi amewatangazia wateja wote kwamba Fundi ameshindwa na kiyoyozi cha mama yake mwenyewe. "Huyu ndiye mnampelekea friji zenu?" Watu wawili wamehamia kwa fundi mwingine. Nimenyolewa nimeinama kama kondoo. Kujitetea ningejitetea kwa maneno gani?

Jambo moja bado sijalielewa. Leo mama amelifua lile sweta, amelianika, amelikunja taratibu kwenye karatasi, akaniambia nimpe dereva alilete kwako. "Mwambie avae yeye, huko kuna baridi." Nikamwambia, "Mama, likirudi utavaa nini ukienda kumtembelea?" Akasema atakayetembea safari hii ni wewe, na kwamba godoro la chumbani kwake linatosha watu wawili sasa kwa kuwa hakuna mablanketi. Kisha akageuka upande wa ukutani akijifanya anatafuta uzi wa kufungia. Nyinyi wawili mnanichanganya akili. Muhula ukiisha na masweta ya watu yakiisha, panda lori. Lete vidole vyako vya tangawizi vikaote jua.

Mjinga asiye na rimoti,
Mdogo wako

Mama ametaka kuongeza neno hapa chini. Amesema nisisome, nami nimekwenda kumwita dereva.


Binti yangu, mashine haijafa. Alipokwenda kazini nilipanda kiti nikaichukua ile rimoti kabatini, nikabonyeza kitufe chekundu. Ikavuma palepale. Nimeizima haraka. Usimwambie kwamba najua. Sweta livae.

Mama